Seyyid Barghash bin Said: Sultani Aliyeitegemea Uingereza

Mwanafunzi, ukifika kwenye mada ya kuingia kwa ukoloni Afrika Mashariki utakutana na jina la Barghash mara mbili. Mara ya kwanza ni mwaka 1873, alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar. Mara ya pili ni mwaka 1886, alipoachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Vitabu vingi vinaishia hapo. Lakini kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 13, na humo ndimo lilimo jibu la swali ambalo watungaji wa mitihani hulipenda: ilikuwaje dola iliyokuwa rafiki wa taifa lenye nguvu kuliko yote duniani ikapoteza bara lote bila kupigana hata siku moja? Soma maisha haya kwanza kama unavyosoma hadithi. Ukimaliza, rudi mwanzo ukiwa na kalamu.

Urafiki uliorithiwa

Barghash alizaliwa mwaka 1837, mmoja wa watoto wengi wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Alikulia katika majumba ya Unguja wakati karafuu ilikuwa imeshika kasi na misafara ya pembe za ndovu ikifika hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Urafiki na Uingereza aliukuta. Babu yake, Sultan bin Ahmed, aliwekeana mkataba na Kampuni ya Waingereza ya Mashariki ya India mwaka 1798, wakati Napoleon alipokuwa Misri na Waingereza wakihofu kwamba Wafaransa wangeifikia India. Baba yake akaendelea na njia hiyo hiyo. Angalia jinsi urafiki huo ulivyofanya kazi, maana utauona ukijirudia. Seyyid Said alitambuliwa na Waingereza na manowari zao zilimsaidia dhidi ya maadui zake wa Ghuba. Kwa upande wake, alikubali kupunguza biashara ya watumwa kidogo kidogo. Mkataba wa Moresby wa 1822 ulikataza kuwauzia watumwa Wakristo. Mkataba wa Hamerton wa 1845 ukakataza kuwasafirisha kutoka Afrika kwenda Arabuni. Kila msaada ulikuwa na bei yake, na bei hiyo ililipwa kwa mkataba.

Seyyid Said alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856 akirudi kutoka Oman. Barghash, kijana wa miaka 19, alikuwa naye melini. Meli ilipofika Unguja alijaribu kuuwahi utawala usiku kabla habari hazijaenea, lakini kaka yake Majid alikuwa tayari na jambo hilo likashindikana. Mwaka 1859 akajaribu tena, safari hii akiungwa mkono na ukoo wa al-Harthi na baadhi ya dada zake. Mmoja wao, binti mdogo aitwaye Salme, ndiye aliyewaandikia barua. Nyumba yao mjini ilipozingirwa, Barghash alitoroshwa akiwa amevalishwa nguo za kike na kupelekwa shambani ambako wafuasi wake walikuwa wamejichimbia. Majid peke yake asingewaweza. Konseli wa Uingereza, Rigby, alileta mabaharia wa Kiingereza pamoja na mizinga yao, na uasi ukaisha. Barghash alipelekwa Bombay, akakaa huko karibu miaka miwili.

Hebu tua hapa kidogo. Mara ya kwanza Barghash kukutana na nguvu ya Waingereza, nguvu hiyo ilimwelekea yeye. Kisha akaona Bombay: bandari, meli za mvuke, majengo ya mawe, maji ya bomba. Kwa maoni yangu mambo hayo mawili, mzinga na mji ule, ndiyo yaliyomfundisha siasa yote aliyokuja kuifanya baadaye. Mwaka 1861 aliona pia Lord Canning, gavana mkuu wa India, akiigawa dola ya baba yake vipande viwili, Oman kwa Thuwaini na Zanzibar kwa Majid, na kuiamuru Zanzibar iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka.

Kiti na mkataba

Majid alifariki Oktoba 1870. Barghash akatawala akiwa na miaka 33, na Waingereza hawakumzuia kwa sababu walitaraji kwamba angewalegezea kuhusu watumwa. Alipokwisha kukaa kitini alikataa. Watu waliomweka walikuwa wenye mashamba ya karafuu, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Mwandishi wa historia asifiche jambo hili: Barghash hakukataa kwa sababu ya uhuru wa nchi tu. Alikuwa akilinda mapato, na nyuma ya mapato hayo kulikuwa na watu waliotekwa Nyasa, Uyao na kwingineko, wakaletwa pwani kwa miguu.

Aprili 1872 kimbunga kikubwa kikaipiga Unguja. Mikarafuu iling'oka, meli za Sultani zikazama bandarini. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Januari mwaka uliofuata akafika Sir Bartle Frere kutoka London, akitaka biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ipigwe marufuku kabisa. Barghash alisema nchi imeharibika na hawezi kuwavunja watu wake mara ya pili. Alitazama kwa Wafaransa, lakini Ufaransa ilikuwa imetoka kushindwa vitani na Wajerumani na haikuwa na nguvu ya kumsaidia mtu. Frere akaondoka mikono mitupu.

Hapo ndipo anapoingia mtu wa pili wa hadithi hii. Dkt. John Kirk alikuwa tabibu na mtaalamu wa mimea, Mskoti, aliyesafiri na David Livingstone katika Mto Zambezi. Alifika Zanzibar mwaka 1866 na kupanda cheo hadi kuwa konseli mkuu. Juni 1873 alipokea amri kutoka London: Sultani atie saini, au manowari za Uingereza zifunge bandari yake. Kisiwa kinachokula mchele wa kuletwa na kuishi kwa ushuru wa forodha kingestahimili kwa muda gani? Barghash alisema angependa kwenda London mwenyewe kujieleza. Akaambiwa hapana nafasi hiyo. Tarehe 5 Juni 1873 akatia saini.

Soko la Mkunazini lilifungwa. Wamisionari wa Kianglikana walianza kujenga kanisa mahali pale pale mwaka huo huo, na linasimama hadi leo. Lakini usiandike kwenye mtihani kwamba utumwa ulikwisha mwaka 1873. Kilichokatazwa kilikuwa kuwasafirisha watumwa baharini na kuwauza sokoni. Waliokuwa mashambani walibaki watumwa, magendo ya kwenda Pemba yaliendelea, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja na Pemba hadi 1897.

Miaka ya neema

Baada ya kushindwa, Barghash alifanya jambo la akili. Alimgeuza aliyemlazimisha akamfanya nguzo yake. Kama lazima awafuate Waingereza, basi awafuate kwa namna itakayomletea faida. Na kwa miaka 10 hivi faida ilikuja kweli.

Mwaka 1875 alialikwa Uingereza. Alipokewa na Malkia Victoria, akatembezwa kwenye miji ya viwanda, na Kirk akiwa pamoja naye. Mwaka huo huo jeshi la Khedive Ismail wa Misri lilikuja kwa bahari na kuiteka Barawa na Kismayu, bandari za Sultani kwenye pwani ya Somalia. Barghash alilalamika kwa Waingereza, nao wakambana Khedive mpaka askari wake wakaondoka. Kumbuka tukio hili unapofika mwaka 1885. Barghash alikuwa na sababu ya kuamini kwamba rafiki yake angemtetea, kwa kuwa alikwisha kumtetea mara moja.

Alilipa kwa ahadi mpya. Mwaka 1876 alipiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara, jambo lililowaudhi watu wake wengi. Mwaka 1877 ofisa kijana wa jeshi la maji la Uingereza, Lloyd Mathews, alianza kumfundishia jeshi la kisasa, askari wengi wakiwa Waafrika na bunduki zikitoka Uingereza. Bandarini ilitia nanga manowari kuukuu iitwayo London, kituo cha doria dhidi ya magendo ya watumwa. Ilikuwa pia ishara kwa kila aliyeitazama kwamba Sultani ana mwenyewe.

Mapato yalipanda, hasa kwa pembe za ndovu na mpira. Barghash alivuta maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu hadi mjini, akajenga hamamu ya Hamamni, akanunua meli za mvuke za kufanya biashara na Bombay na kuwachukua mahujaji, akafungua kiwanda cha chapa kilichochapisha vitabu vya madhehebu ya Ibadhi. Mwaka 1883 ilisimama Beit al-Ajaib, jumba refu kuliko yote mjini. Ukienda Unguja utaliona bado, ingawa sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Mwaka 1879 waya wa simu za maandishi ulifika Zanzibar kutoka Aden kwa chini ya bahari. Watu wengi huuhesabu miongoni mwa maendeleo, na ni kweli. Lakini fikiri kuhusu upande wa pili. Zamani konseli aliuliza kwa barua na kungoja majuma mengi, na kwa muda huo alitenda kwa busara yake mwenyewe. Sasa London iliweza kumwamuru Kirk siku hiyo hiyo. Kwa hiyo urafiki wa Kirk na Barghash, ambao ulikuwa umekua na kuwa wa kweli kwa kadiri urafiki wa namna hiyo unavyoweza kuwa, ulianza kupoteza thamani bila yeyote kati yao kutambua.

Kulikuwa na dosari kubwa zaidi. Hapakuwa na mkataba wowote ambao Uingereza iliahidi kuilinda bara ya Sultani. Mamlaka yake huko yalikuwa ya biashara: bendera nyekundu Tabora na Ujiji, wafanyabiashara wanaomtambua, machifu wanaopokea zawadi. Barghash mwenyewe alijaribu kuziba pengo hilo. Mwaka 1877 alikuwa tayari kumkodisha William Mackinnon, tajiri wa meli wa Kiskoti, utawala na ushuru wa bara kwa miaka 70, ili maslahi ya Waingereza yajifunge na ya kwake. Mazungumzo yakavunjika mwaka 1878, na serikali ya London haikuonesha hamu. Ilitaka kuwa na sauti Zanzibar bila gharama.

Mwaka 1885

Novemba 1884 Karl Peters na wenzake walipita Zanzibar kimya kimya, wakavuka kwenda bara upande wa Saadani na Usagara, na katika majuma machache wakarudi na mikataba ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Huu ndio msafara wa mkataba wa Chifu Mangungo wa Msovero, ambao umeusoma tangu shule ya msingi. Wakati huo Mkutano wa Berlin ulikuwa ukiendelea. Zanzibar haikualikwa. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake, tarehe 27, Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya kuyaweka maeneo hayo chini ya ulinzi wake.

Barghash alipeleka malalamiko kwa Kaisari kwa simu: nchi hizo ni zangu, na machifu hao hawana haki ya kuzitoa. Alimtuma Mathews Kilimanjaro na askari, na machifu wa Uchaga, akiwamo Mandara wa Moshi, wakaipokea bendera ya Sultani. Muda si mrefu mjumbe wa kampuni ya Peters akafika na kupata mkataba kwa Mandara huyo huyo. Usimlaumu Mandara haraka. Naye alikuwa chifu mdogo anayechagua mkubwa wa kumfaa, kama Barghash alivyokuwa akifanya.

Sasa Uingereza ilikuwa wapi? Hapa ndipo watahiniwa wengi huandika kwamba Waingereza walimsaliti Sultani, wakakomea hapo. Neno hilo linaweza kuwa la haki, lakini halina maksi bila sababu. Tangu 1882 Uingereza ilikuwa imeikalia Misri, na madeni ya Misri yalisimamiwa na mataifa kadhaa ya Ulaya kwa pamoja. Bila kura ya Ujerumani ingekwama. Januari 1885 Khartoum iliangukia mikononi mwa jeshi la Mahdi. Machi, Urusi ikapigana na Waafghani mpakani na kuitishia India. Katika hali hiyo Bismarck alikuwa mtu wa kubembelezwa, na pembe za ndovu za Usagara zilikuwa kitu kidogo kwenye mizani ya London. Kirk aliandika kupinga. Akajibiwa kwamba ashirikiane na Wajerumani.

Tarehe 7 Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya kasri na kuielekezea mizinga. Manowari London haikuwapo tena kazini. Siku chache baadaye, katika meli nyingine ya msafara huo, akafika Salme, yule dada aliyeandika barua za uasi wa 1859. Mwaka 1866 alitoroka Zanzibar akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, na sasa aliitwa Emily Ruete, mjane mwenye mtoto wa kiume raia wa Ujerumani. Bismarck alimtumia kama fimbo ya kutishia. Barghash alikataa kumwona. Ila kwa mizinga hakuwa na la kufanya. Kirk, mtu aliyemtegemea kwa miaka 15, alimshauri akubali, kwa sababu hiyo ndiyo amri aliyopewa. Katikati ya Agosti Sultani akayakubali madai ya Wajerumani.

Kugawana

Kisha ikaundwa tume ya kuchunguza mipaka ya Sultani. Wajumbe walikuwa Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa. Mwenye mali hakuwa mjumbe. Mwingereza alikuwa Kitchener, ambaye jina lake utalikuta tena Sudan. Matokeo yalitiwa saini kati ya London na Berlin, tarehe 1 Novemba 1886. Sultani alibakiziwa Unguja, Pemba, Mafia, Lamu, ukanda wa pwani wa maili 10 kutoka karibu na Rasi Delgado hadi Kipini, na miji kadhaa ya pwani ya Somalia kama Kismayu, Barawa, Merka na Mogadishu. Bara ikagawanywa kwa mstari kutoka mdomo wa Mto Umba, kuzunguka kaskazini ya Kilimanjaro, hadi Ziwa Viktoria. Kusini eneo la Wajerumani, kaskazini la Waingereza. Mlinzi naye alichukua fungu lake.

Zingatia sana jambo hili, maana hukosewa kila mwaka: mpaka wa Kenya na Tanganyika haukuchorwa kwenye Mkutano wa Berlin. Ulichorwa na makubaliano haya ya 1886, na sehemu iliyobaki, kutoka ziwani kuelekea magharibi, ikamaliziwa na Mkataba wa Heligoland wa 1890.

Barghash alikubali Desemba. Kirk alikuwa amekwisha kuondoka Zanzibar katikati ya mwaka huo, na hakurudi kushika kazi ile. Mwanzoni mwa 1887 Wareno nao, wakiona mwenye nyumba hana mlinzi, waliupiga kwa mizinga na kuuchukua mji wa Tungi kusini. Mei mwaka huo Sultani alitoa ukanda wake kati ya Umba na Kipini kwa chama cha Mackinnon kwa miaka 50. Ni Mackinnon yule yule wa 1877, ila sasa kilichobaki kukodishwa kilikuwa maili 10.

Alikuwa mgonjwa kwa muda. Mwanzoni mwa 1888 alikwenda Oman kutafuta nafuu, akarejea Unguja na kufariki Machi, mara tu baada ya kufika. Alikuwa na umri wa miaka 51 hivi. Mdogo wake Khalifa aliyemfuata aliikodisha pwani ya kusini kwa kampuni ya Wajerumani mwezi uliofuata, na Agosti vita vya Abushiri wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani vikaanza. Mwaka 1890 Ujerumani iliununua moja kwa moja ukanda wake kwa mark milioni 4, na Zanzibar yenyewe ikatangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza.

Agosti 1896 mtoto wa Barghash, Khalid, aliingia kasrini kushika utawala bila idhini ya Waingereza. Tarehe 27 manowari zao ziliyapiga majumba ya bandarini kwa muda usiofika saa moja. Mathews, aliyelijenga jeshi la Barghash, alikuwa waziri mkuu wa serikali na alisimama upande wa mizinga. Khalid alikimbilia kwa konseli wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam, na huko akaishi hadi Waingereza walipomkamata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kumhamishia visiwani mbali. Mwishowe walimruhusu kurudi Afrika Mashariki, na alifariki Mombasa mwaka 1927. Mombasa ilikuwa ndani ya zile maili 10 za baba yake, ambazo kisheria ziliendelea kuhesabiwa mali ya Sultani wa Zanzibar hadi 1963.

Jipime: (a) Linganisha hatua ya Uingereza kuhusu Misri mwaka 1875 na kuhusu Ujerumani mwaka 1885, na ueleze kilichobadilika kati ya miaka hiyo. (b) Je, kuna jambo ambalo Barghash angeweza kulifanya kati ya 1873 na 1884 ili mamlaka yake ya bara yawe na nguvu zaidi? Tetea jibu lako kwa tarehe na matukio. (c) Chora ramani ya makubaliano ya 1886, uoneshe Mto Umba, Kilimanjaro na Kipini.